Somo la Makoloni Lililoishia Kwenye Ushindi

Vijana wenzangu wa chumba cha walimu, mliniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi kabla sijasahau majina. Kuhusu mishahara sitaandika, kurasa zingebaki nyeupe. Kuhusu vyeo, nilianza nikiwa mwalimu wa historia na nimestaafu nikiwa mwalimu wa historia, basi hapo pia tumemaliza. Nitaandika juu ya somo moja tu, lile la makoloni ya Amerika yaliyopigania uhuru kutoka kwa mfalme wao na kuunda serikali mpya. Nililifundisha hapa Butembo miaka mingi, na kila mtu alisema nalifundisha vizuri. Nikilikumbuka leo naona aibu.

Nilitumwa huku kutoka Kindu nikiwa kijana. Kwetu ni joto, kwa hiyo siku ya kwanza niliingia darasani na shati la mikono mifupi, asubuhi ya ukungu, meno yakigongana. Wanafunzi walinitazama kwa huruma zaidi kuliko heshima. Aliyeniokoa ni Mzee Paluku, mwalimu wa historia niliyekuja kumrithi, mtu wa Masereka aliyerudi kila Jumatatu na mfuko wa viazi na matope hadi magotini. Alinivika koti lake la zamani bila kuniuliza. Kisha akanifundisha kazi. Chaki ivunje katikati isipige kelele. Ukiandika ubaoni usiwape mgongo wote, simama upande, jicho moja libaki kwao. Na usiwaulize kama wameelewa, kwa sababu watasema ndiyo.

Alinirithisha pia ramani. Ilikuwa gunia la unga lililopasuliwa na kunyooshwa, juu yake makoloni kumi na matatu yamechorwa kwa dawa ya viatu, na bahari imepakwa bulu ya kufulia. Ilinuka unga kila mvua ilipokuja. Vitabu vilikuwa vichache na ramani za kweli hatukuwa nazo, basi gunia lile ndilo lilikuwa Amerika yetu. Alipokuwa akinikabidhi, Mzee Paluku aliniambia neno moja juu ya kulitumia.

"Ba batoto ba huku banapenda vita," alisema. "Ubape vita, batanyamaza."

Nikawapa vita. Sikuwa na haraka. Tulianza na kodi ya chai, na hapo nilikuwa na bahati, maana mashamba ya chai tunayo huku na kila mwanafunzi alijua kilo ya majani inauzwaje. Tulimwaga maji ya chai kwenye mfereji wa uwanja mbele ya shule nzima. Kisha niliwakaririsha malalamiko ya makoloni juu ya mfalme: kodi bila sauti, mahakimu wanaomwogopa yeye tu, askari wake wanaolazwa kati ya watu kwa nguvu. Kisha mapigano. Darasa liligawanywa mara mbili, fimbo zikawa bunduki, na nilipofika kwenye askari wa makoloni waliotembea kwenye baridi bila viatu, wale wanafunzi wangu waliotembea bila viatu walikaa wima kwenye benchi zao.

Shida ilikuwa kalenda. Somo la uhuru lina sehemu mbili, kupigana na kuunda serikali, na sehemu ya kwanza ilikula trimestre yote, muhula mzima. Tulipofika kwenye ushindi, ama mgomo wa walimu ulikuwa umeanza, ama tulikuwa kwenye marudio ya mtihani. Sehemu ya pili ilibaki na dakika chache. Basi kila mwaka, kengele ikikaribia, niliandika sentensi moja ubaoni: "Baada ya ushindi, waliunda serikali yao." Waliinakili, wakaipigia mstari kwa rula, tukafunga. Mkaguzi alipokuja aliona kichwa cha somo kimeandikwa, akaridhika, akaomba chai. Tulikuwa hivyo sote, Butembo, Beni na Lubero. Mwenzangu wa hesabu alistaafu bila kugusa sura za mwisho za kitabu chake, na tulikuwa tukimtania kwamba atazikuta mbinguni.

Kati ya wanafunzi wa miaka hiyo alikuwepo Kakule, mtoto wa wavuvi wa Kyavinyonge. Alikuwa mrefu, mkimya, na wenzake walimcheka kwa sababu daftari zake zilinuka samaki wa chumvi. Nilimpa kazi ya jenerali wa makoloni. Uwanjani hakuna aliyemcheka. Alijua kupanga watu, alijua kuwarudisha nyuma na kuwaleta tena mbele, na vita vikiisha alikunja gunia la ramani kwa mikono miwili na kulileta mezani kwangu. Alimaliza shule, akatoweka kama wanavyotoweka wote, na sikumfikiria tena.

Kisha vita vya kweli vikaja. Vile vya kwanza vilipita watu wakipiga makofi kando ya barabara, na mimi nilipiga. Vile vya pili havikupita, vilikaa. Serikali zikawa nyingi. Kila kundi lililouteka mji lilikuwa na mawaziri, mihuri, bendera, na kizuizi barabarani. Pale Beni kundi moja lilijitangaza kuwa serikali ya ukombozi, na msemaji wake alizungumza redioni juu ya kodi bila sauti na watu waliochoka na mfalme wa mbali. Nilikuwa nakunywa chai. Nilicheka kwanza, kwa sababu nilitambua mpangilio: ulikuwa wangu, hata pale pa kuvuta pumzi. Kisha sikucheka tena.

Karibu na mtihani wa serikali, askari wao walikuja kukaa shuleni kwetu. Jumatatu moja tulikuta wamelala madarasani na wanapika maharage uwanjani kwa mbao za benchi. Gunia la ramani walikuwa wamelitundika dirishani kuzuia upepo. Prefe wetu, mkuu wa shule, alishikwa na ugonjwa, ule unaowashika maprefe wakati kama huo, akaenda kujitibia Uganda. Wanafunzi wa darasa la mwisho wakabaki bila mahali pa kusomea na bila mahali pa kuandikia mtihani, na kila siku benchi zilipungua.

Komite ya wazazi ilikutana kwa Mama Kavira. Alikuwa mjane, muuzaji wa maharage, na nyumba yake ilipakana na ua wa shule. Binti yake Masika alikuwa darasa la mwisho na alikuwa wa kwanza katika kila somo, langu pia. Mama Kavira ndiye aliyesikia sokoni kwamba mkubwa wa askari wale, kule Beni, ni Kakule wa Kyavinyonge. Wazazi wote walinigeukia.

"Mwalimu, ule ni mutoto yako," alisema Mama Kavira. "Enda umuambie atupatie shule yetu. Masika atafanya mutihani wapi?"

Kwa mkubwa haendi mtu mikono mitupu, basi walinitafutia kuku. Nilipanda pickup iliyobeba samaki wa chumvi, kuku mapajani, na koti la Mzee Paluku mgongoni. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, na siku ile nilishukuru kwamba haonani na mimi. Kwenye kizuizi askari mmoja alinielekezea mtutu na kuniuliza kwa Lingala, "Papa, okeyi wapi?" Nilimjibu kwamba naenda kwa komanda, mimi ni mwalimu wake. Alimtazama kuku, akafungua njia.

Kakule alikuwa amekaa katika nyumba ya mfanyabiashara wa kahawa aliyekimbia. Nilipoingia alisimama. Alisimama kama tulivyowafundisha, mikono pembeni, visigino pamoja, na maofisa wake wote waliokuwa chumbani wakasimama pia bila kujua kwa nini. Nilisema "Ketini," kwa mazoea tu, na wakaketi. Alimpokea kuku kwa mikono miwili, akaagiza chai, akawatoa watu wote. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba shule, lakini aliniwahi.

"Prof, niko na swali," alisema. "Tangu darasa la cinquième niko nalo. Ulituandikishaka ile phrase: baada ya ushindi, waliunda serikali yao. Mais balifanya namna gani?"

Nilikoroga chai yangu.

"Miye niko ndani ya ile phrase sasa," alisema. "Nimeingia, nimeangalia. Ndani yake hamuna kitu."

Hakuwa ananidhihaki, na hilo ndilo lililonichoma. Aliniuliza kama mwanafunzi anayeuliza. Alinieleza kwamba kila asubuhi watu wanapanga mstari mlangoni: huyu analilia shamba, yule mbuzi, mwanamke anatafuta mume aliyechukuliwa. Maofisa wake kila mmoja anataka uwaziri. Askari wanataka kula. Yeye amefanya yote aliyoyakumbuka kutoka darasani kwangu, bendera ipo, hotuba ipo, na kodi ya kizuizini anaitoza yeye sasa badala ya mfalme. Baada ya hapo hajui. Nilikaa kwenye kiti cha mwenye kahawa, kikombe mkononi. Nilikuwa nimempeleka mtoto wa watu mpaka pale, nikamwacha na mstari uliopigwa kwa rula.

Basi nikafundisha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufundisha sehemu ile, na niliijua vibaya, kwa kuisoma zamani. Nilimwambia kwamba kwanza walishindwa. Makoloni hayakuelewana, mapatano yao ya kwanza hayakuwa na nguvu, askari waliopigana hawakulipwa na karibu wawageuzie bunduki wakubwa wao. Nilimwambia juu ya jenerali wao, kwamba wapo waliotaka awe mfalme, naye akakataa, akasimama mbele ya baraza, akarudisha madaraka ya jeshi, akaenda kwake kulima.

Kakule alicheka. "Alirudi kulima?"

"Alirudi."

"Na bale bengine hapana kumuua?"

"Hawakumuua. Baadaye walimchagua wenyewe."

Aliacha kucheka. Aliniomba niendelee. Nikamweleza jinsi wajumbe walivyojifungia ukumbini kiangazi kizima wakigombana, makoloni makubwa na madogo, mpaka wakaandika sheria ya msingi. Aliniuliza kama watu weusi waliolima mashamba yao walikuwa na kiti ukumbini. Nikasema hawakuwa nacho, waliachwa nje watumwa vilevile. Alitikisa kichwa. "Donc hata bo baliachaka chapitre," alisema, yaani hata wao waliiacha sura moja.

Kilichofuata nilikijua. Watu wa kule hawakuridhika na sheria ile mpaka yaongezwe mambo ambayo serikali yao wenyewe haina ruhusa kuwatendea. Na mojawapo, kwa sababu waliyakumbuka malalamiko yao ya zamani, lilikuwa hili: askari asilazwe nyumbani kwa mtu pasipo mwenye nyumba kukubali. Neno hilo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Lakini pickup ilipiga honi barabarani. Dereva alitaka kurudi Butembo kabla vizuizi havijafungwa, na mimi niliona Kakule amelainika. Nikafikiri, hapa ndipo pa kuomba. Nikaomba.

Nilimwambia askari wake wanalala katika darasa lake la zamani, na wanachoma benchi alilokalia. Aliangalia chini. Kisha alimwita msaidizi wake na kumpa amri mbele yangu, kwa sauti ya chini: watu wote watoke shuleni kabla ya Jumapili, na atakayegusa benchi hata moja ataona. Ilikuwa rahisi hivyo. Honi ikapiga tena. Nilisimama, nikashika kofia yangu.

"Na kisha, Prof?" aliuliza. "Kisha baliandika nini tena?"

Nilimwambia tumefika mahali pazuri pa kusimama, na kwamba nitarudi wiki ijayo kumalizia. Ndiyo maneno niliyowaambia wanafunzi kila mwaka kengele ilipolia. Yeye alisimama mpaka nikatoka.

Askari walihama kama alivyoamuru. Wazazi walinibeba, na sisemi kwa mfano, walinibeba kweli toka barabarani hadi mlango wa shule. Prefe alipona, akarudi. Nililishusha gunia la ramani dirishani, nikalikung'uta, nikalitundika mahali pake. Benchi zilizobaki tulizihesabu kwa furaha na tukaona zinatosha, watatu watatu. Ile asubuhi ya kwanza ya masomo nilifundisha nikitembea kati ya safu na kujiona mtu.

Mama Kavira alikuja mlangoni katikati ya somo. Hakuingia. Nilitoka nje, nikidhani amekuja kushukuru, na kweli alianza hivyo.

"Wasingya, Mwalimu," alisema kwa Kinande, yaani asante. "Shule imetoka mikononi yabo."

Nikasema tumshukuru Mungu.

"Sasa beko kwetu," alisema. "Kwangu beko bane. Banasema komanda alikataza shule, hapana manyumba."

Askari hawakuwa na pa kwenda. Walikuwa wametoka kwa amri kwenye madarasa, wakaingia kwenye nyumba zote zilizouzunguka ua wa shule. Kwa Mama Kavira walilala sebuleni. Na kwa kuwa walikatazwa benchi, kuni za maharage walizipata kwenye mlango wake, mlango wa mbao ngumu ya libuyu aliouacha marehemu mumewe. Nilimwuliza Masika yuko wapi, maana sikumwona darasani. Alisema amemtuma mpaka Mutwanga, kwa shangazi yake, kwa miguu, pamoja na wauza ndizi. Msichana wa umri ule hawezi kulala katika nyumba isiyo na mlango, na askari wanne ndani yake. Alisema hayo bila kunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Siku iliyofuata nilirudi Beni na kuku mwingine, safari hii wa kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, sura yote ya mwisho mpaka ile sheria ya askari na nyumba. Bendera ya kizuizini ilikuwa nyingine. Washirika wa Kakule walikuwa wamegombana naye kwa ajili ya uwaziri, wakampiga, naye akakimbilia msituni na watu wachache. Sijui kama alitoka huko. Kwenye kiti cha mwenye kahawa alikaa komanda mpya, ambaye hakusimama. Aliniuliza mimi ni nani, nikasema ni mwalimu wa historia. Akaniambia nimwache kuku.

Mtihani wa serikali uliandikwa shuleni kwetu, kwenye madarasa yetu, kama tulivyotaka. Kwenye benchi la mbele, upande wa dirisha, waliketi wawili, na nafasi ya Masika ilibaki katikati yao. Nilikuwa msimamizi wa chumba kile. Masika hakuufanya hata mwaka uliofuata, njia ilikuwa imefungwa, na ilipofunguka alikuwa ameolewa huko huko Mutwanga. Analima kahawa. Nilikutana naye mara moja sokoni, akanisalimia vizuri sana, "Prof, habari ya siku nyingi," akamwonyesha mtoto wake kwamba huyu ndiye aliyekuwa hodari wa kusimulia vita. Nilimpa mtoto biskuti na kuondoka haraka.

Tangu mwaka ule nililigeuza somo. Mnaokaa darasa la pembeni mlikuwa mnashangaa kwa nini nafungua mwaka na ukumbi, na ugomvi wa wajumbe, na yale ambayo serikali imekatazwa, huku wanafunzi wakipiga miayo. Wakaguzi waliniandikia kwamba mpangilio wangu haufuati programu. Ni kweli. Vita nilivifundisha mwishoni, kama muda ulibaki, na mara nyingi nilihakikisha haukubaki. Sijui kama imesaidia chochote. Najua tu kwamba wapo watu wazima leo, huku na porini, waliopita mikononi mwangu kabla ya hapo, na wote wana ile sentensi.

Siku mliyoniaga, mlinipa zawadi: benchi moja la zamani, lililopona vita, limepigwa randa na kupakwa vanishi. Mlisema ni kumbukumbu ya mwalimu aliyeiokoa shule. Niliwashukuru, mkapiga makofi, na sikuweza kulikalia. Mlidhani ni furaha imenizidi.

Sasa mjue limeenda wapi, msije mkaniuliza. Nyumba ya Mama Kavira bado iko pale pale, na mlango wake mpaka leo ni bati la kukunja, lililofungwa kwa waya. Nilipita hapo mara mbili kwa siku, miaka yote ile, nikitazama ng'ambo. Nikamkodi mtu wa mkokoteni, tukalipeleka benchi. Nilimwambia Mama Kavira nataka seremala alitengeneze liwe mlango wake. Amezeeka, macho yamepungua, lakini alilipima kwa mkono, shubiri baada ya shubiri, kisha akalipima bati.

"Mwalimu," alisema, "hii mbao itatosha nusu."

Nikamwambia nitatafuta iliyobaki. Aliniuliza lini, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikusema wiki ijayo. Seremala amekwisha kupigilia ile nusu ya chini. Mimi natafuta mbao.